Waya wa Baba

Sista wa kliniki ya macho ameniomba niwaandikie ninyi mnaoketi kwenye benchi lake mkisubiri kuitwa. Alisema niwatie moyo. Nilimjibu kwamba moyo watajitia wenyewe. Mimi nitawasimulia yaliyonipata, hasa ya kuchekesha, kwa sababu ya kuhuzunisha mnayajua tayari. Naandika kwa taipureta bila kuiona karatasi. Mkikuta herufi imepanda juu ya mwenzake, laumuni utepe, umezeeka.

Jina langu ni Kemunto, kwetu Birongo. Miaka ya sabini ilipoanza nilikuwa karani wa taipu katika ofisi ya chama cha ushirika cha wakulima, mjini Kisii. Nilikuwa na gauni la mistari, viatu vya kisigino, na vidole vyepesi kuliko vya karani yeyote pale ofisini. Msinione najisifu. Hivyo vidole ndivyo vilivyonibakia, ndiyo maana navitaja mapema.

Ugonjwa ulianza kwa adabu. Jioni nilipotazama taa ya karabai niliona duara la rangi nyingi kuizunguka, nikadhani ni moshi. Kisha nikaanza kugongana na watu sokoni. Mtu akinijia kwa mbele namwona. Akitokea pembeni, simwoni kabisa. Nanyi mnajua kwetu kumpita mtu bila salamu ni kosa kubwa. Wanawake wa Birongo walinisalimu "Bwakire" kutoka kando ya njia, nami napita zangu nimekaza shingo. Wakasema mshahara umenipanda kichwani. Nikaona afadhali waseme hivyo kuliko niseme macho yangu yananiacha. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi sikuumbuliwa na kifo, niliumbuliwa na ng'ombe wa jirani, aliyesimama katikati ya njia mchana kweupe, mkubwa vile, nami nikamkumbatia. Siku iliyofuata tulikwenda kliniki.

Kabla sijawaingiza ndani ya kliniki, lazima niwaeleze jambo moja wale ambao si wa kwetu, maana bila hilo hamtaelewa lolote. Kwa Ekegusii, "baba" ni mama. Mama mzazi, aliyekubeba tumboni. Baba mzazi tunamwita "tata". Mtoto wa Kisii anapoanza shule na kukuta kitabuni kwamba baba ana ndevu, huwa anapata taabu kidogo.

Basi tulikaa kwenye benchi, mimi katikati, mama kulia na Tata kushoto. Benchi lilijaa. Kulikuwa na harufu ya dawa ya kuoshea sakafu na ndizi mbivu za mtu. Nesi wa siku ile alikuwa mgeni, ametoka Mombasa, Kiswahili chake kilikuwa kinateleza. Akafungua mlango akaita, "Baba wa Kemunto!"

Mama akasimama, akanyoosha leso yake, akaenda.

"Nimeita baba," nesi akasema.

"Ndiyo. Baba ni mimi," mama akajibu.

"Wewe ni baba?"

"Mimi iko baba kabisa. Huyu nimezaa mwenyewe."

Benchi zima likaangua kicheko, nami pia. Nesi alitutazama mmoja mmoja kutafuta mtu mwenye akili. Mwishowe akamchukua mama hivyo hivyo, na mama ndiye aliyefundishwa kunitia matone.

Lakini kuna kitu nilikiona siku ile, na nilikuwa nikiona kidogo tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nilimwona Tata. Yeye alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya chai kule Kericho, na Kiswahili anakijua kuliko sisi wote. Alisikia akiitwa. Alibaki ameketi, akiizungusha kofia yake magotini, akiizungusha tu. Tangu siku hiyo alitusindikiza mpaka getini na kungojea nje. Sikumuuliza. Niliumia.

Matone ya kwanza yaliwaka kama pilipili na kuniletea maumivu juu ya nyusi. Nayataja ili wewe unayeyatumia usidhani unakufa. Ni dawa inafanya kazi yake. Nilitiwa matone msimu mzima wa mvua ndefu. Jicho la kulia lilizima wakati wa kuvuna wimbi, polepole, bila maumivu, hata siwezi kusema lilizima lini hasa. Nilipasuliwa Kisumu, nikalala wodini na mama mmoja Mjaluo aliyekuwa amefungwa bandeji macho yote mawili kama mimi. Tulikuwa tukishindana kukisia chakula kwa harufu kabla sahani haijafika. Yeye alishinda kila mara, isipokuwa siku za kabichi, kwa sababu kabichi haijifichi. Niliporudi nyumbani jicho la kushoto lilikuwa limebakiwa na mwanga kiasi cha kuona dirisha lakini si aliyesimama dirishani.

Nyumbani kulikuwa kugumu. Mama alisali kwa sauti na kunipakulia chakula kingi mno. Shangazi zangu walikuja kutoka Gesima na kulia kana kwamba mimi ni maiti iliyokataa kulala. Tata alikuwa haniongeleshi. Anamwambia mama, "Mwambie Kemunto kuna maji hapo mlangoni," nami nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake. Lakini kila asubuhi nilikuta viti vimesogezwa kutoka njia yangu, na nilijua si mama anayevisogeza, maana mama ndiye anayeviacha ovyo.

Meneja wangu alikuja kunisalimia. Ni mtu wa huku huku, mnyofu. Alikunywa chai, akakohoa, kisha akasema, "Kemunto, kiti chako nitakiweka mpaka mkutano wa mwaka wa wakulima. Kabla ya hapo uje unionyeshe kwamba unaweza kazi. Ukishindwa, nitamwajiri mwingine, na tusichukiane."

Nilimshukuru. Aliponiacha niliketi jikoni nikafikiria maisha ya kukaa pale pale jikoni, nikiletewa sahani, nikiambiwa habari na watu wanaonionea huruma, mpaka nizeeke. Niliogopa sana. Bora kiti kile cha mbao ofisini chenye mguu mmoja mfupi.

Kupitia kanisa letu nilipata nafasi katika chuo cha wasioona, mbali na nyumbani. Huko nilikutana na Mwalimu Hamisi, mtu wa pwani, asiyeona tangu utotoni, na mcheshi. Kwa taipureta hakuwa na la kunifundisha, vidole vyangu vilijua herufi zilipo. Alichonifundisha ni kuandika kwa kusikiliza. Meneja anasema maneno yake ndani ya rekoda ya kaseti. Wewe unavaa hedifoni, unasikiliza kidogo, unasimamisha, unaandika, unaendelea. Ile sauti ndiyo inakuwa macho yako. Kwa hiyo sauti ikikatika wewe huna kazi, na Mwalimu Hamisi alitufundisha kutafuta ilikokatikia kwa vidole.

Sasa, mafundi huita vichwa vya waya dume na jike. Chenye ncha ni dume, chenye tundu ni jike. Mwalimu Hamisi alikuwa mtu wa heshima, hakutaka kusema maneno hayo mbele ya wasichana.

"Sisi tutasema baba na mama," alitangaza. "Baba ana ncha. Mama ana tundu. Baba anaingia kwa mama, sauti inapita."

Darasa likafa kwa kicheko. Mimi nililazimika kuuma leso.

"Mnacheka nini?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua vizuri kabisa. "Mimi nazungumzia umeme."

Nilipomaliza, chuo kiliniazima rekoda. Tundu la rekoda lilikuwa pana na ncha ya hedifoni nyembamba, kwa hiyo kulikuwa na kipande cha waya cha kuviunganisha: upande mmoja baba mnene wa kuingia kwenye rekoda, upande wa pili mama mdogo wa kupokea hedifoni. Mwalimu Hamisi alinirekodia kaseti ya masomo, kisha akanishika mkono. "Ukipata matatizo yoyote," akasema, "sikiliza kaseti. Nimeeleza yote humo."

Kabla ya kurudi kazini ilibidi nipasuliwe jicho la kushoto, kulinda ule mwanga kidogo uliobaki. Daktari alinipa masharti: nisiiname, nisibebe, nisikohoe, nisilie, nisisafiri, na kwa wiki za mwanzo nisicheke kwa nguvu, nyuzi zisije zikavutika. Nilimwambia sharti la mwisho halitekelezeki nyumbani kwetu. Hakucheka, labda yeye pia alikuwa na nyuzi.

Nikalazwa chali chumbani kwangu Birongo. Mama akaenda kuichukua rekoda kwa rafiki yangu mjini, nilikokuwa nimeiacha, ili nifanye mazoezi ya kusikiliza angalau, maana mkutano wa wakulima ulikuwa unakaribia. Akaibeba kichwani kutoka barabarani, mvua ikinyesha, njia ni utelezi. Akaanguka. Alinisimulia kwa fahari kwamba alianguka kwa magoti na rekoda ikabaki juu, haikugusa matope. Ni kweli. Ila ule waya ulikuwa umechomekwa, na ulijigonga kwenye nguzo ya lango.

Nikavaa hedifoni, nikabonyeza. Kimya.

Nawaambia wenzangu, kimya kile kiliniogopesha kuliko kisu cha Kisumu. Rekoda ndiyo iliyokuwa ikinipeleka kwenye kiti changu, na mbaya zaidi, maelezo yote ya Mwalimu Hamisi yalikuwa ndani ya kaseti ambayo siwezi kuisikia. Ni kama kufungia ufunguo ndani ya sanduku. Nikalia kidogo, kisha nikakumbuka nimekatazwa kulia pia, nikaacha.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikaanza mwanzo, kama nilivyofundishwa. Betri: nikazitoa, nikazipangusa, nikazirudisha. Kaseti: nikaweka kidole kwenye kidirisha, nikahisi magurudumu yanazunguka. Kwa hiyo rekoda ni nzima. Hedifoni: nikamwomba mama alete redio ya Tata, yenye tundu jembamba. Nikachomeka, nikasikia kwaya. Kwa hiyo hedifoni ni nzima. Ukabaki ule waya wa katikati. Nikaupapasa taratibu mpaka kwenye kichwa kinene, nikakuta ncha haipo. Imekatikia ndani ya tundu la rekoda. Mama akaitikisa rekoda, ncha ikaanguka ndani ya majani ya paa yaliyorundikwa pale, haikuonekana tena.

Nilifurahi kama aliyeokota ng'ombe. Kichwa kimoja tu! Mjini kulikuwa na duka la Mhindi aliyeuza redio na vipuri. Nikampa mama kile kichwa kilichokatika awe na mfano.

"Mwambie unataka kichwa cha waya kinene kama hiki," nikamwambia kwa Ekegusii, ila neno la fundi nikalisema kama nilivyolizoea chuoni. "Kiwe cha baba. Usisahau. Cha baba."

"Cha baba," mama akasema. Sauti yake ilikuwa na furaha, nami sikujiuliza kwa nini.

Alirudi alasiri, amelowa, ameshinda. Akaniwekea kipande kipya kiganjani. Nikakipapasa. Kilikuwa kinene, kizuri, baridi, na kina tundu.

"Mama," nikasema, "hiki ni cha mama."

"Ndiyo."

"Nilisema cha baba!"

"Si ndicho hicho? Yule Mhindi alitazama kile kilichovunjika, kina shimo tu mbele, naye hakujua kilikuwa cha namna gani. Akaniwekea viwili mezani, akaniuliza, 'Mama, wewe taka ya mwanaume ama ya mwanamke?' Nikamwambia, ya mwanamke. Mtoto wangu anataka ya baba." Akanisogelea. "Kemunto, baba si ni mimi?"

Hapo mlangoni pakasikika sauti. Mwanzoni nilidhani ni mtu anakabwa. Ilikuwa ni Tata. Alikuwa amesimama pale akisikiliza, na alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyekisahau, kinakwama na kurudi. Sikuwa nimekisikia tangu nimkumbatie ng'ombe yule. Nami tumbo likaanza kutikisika.

"Usicheke!" mama akapiga kelele. "Nyuzi! Mzee, toka nje, utamharibu mtoto!"

"Kemunto," Tata akasema. Aliniita mimi, jina langu, moja kwa moja. "Umemtuma baba akanunue baba. Ulitegemea alete nini?"

Nilishika kichwa kwa mikono miwili, nikabana midomo, machozi yakanitoka chini ya bandeji. Sijui yalikuwa ya nini hasa. Nilikuwa na furaha, hilo nalijua.

Kesho yake Tata alivaa koti lake la kanisani, akamchukua mama, wakaenda wote wawili mjini. Mhindi alipowaona akasema, "Leo baba na mama wote nakuja? Basi leo takosa hapana." Wakarudi na kichwa chenye ncha.

Kukifunga ilikuwa kazi ya watu wawili. Ndani ya kichwa kuna skrubu mbili ndogo, na waya una nyuzi mbili, nyekundu na nyeupe. Vidole vyangu vilijua pa kwenda lakini havijui rangi. Tata hakuwahi kushika kitu kama kile. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamenya waya kwa kisu cha kupogolea chai, akanishikia.

"Nyekundu hii," anasema, ananigusisha kidole.

"Inaingia katikati, Tata. Kaza kidogo. Usikate."

"Sikati. Jani la chai ni laini kuliko hii, nami nililichuma bila kulichana."

Ndipo akaniambia, macho yake yakiwa kwenye bisibisi bila shaka, maana hangeweza kusema akinitazama: "Siku ile waliniita. Nilisikia. Niliogopa wangeniambia hutaona tena, kisha nitoke nje nikwambie mimi."

Nilimwambia aendelee kukaza. Tukachomeka. Tukagawana hedifoni, sikio moja lake, moja langu, vichwa vikagusana. Nikapeleka kaseti mwanzo, nikabonyeza. Mkwaruzo kidogo, kisha sauti ya Mwalimu Hamisi ikaja, ya wazi kabisa, utadhani ameketi uvunguni:

"Kemunto, kama hunisikii, usianze kulia. Angalia kwanza waya wa baba."

Nyuzi za daktari zilipona siku ile kwa neema tu.

Mvua zilipopungua nilikwenda ofisini. Meneja alikuwa ameniwekea maneno ndani ya kaseti, tangazo la mkutano wa mwaka. Makarani wenzangu walisimama nyuma yangu, nasikia wanavyozuia pumzi. Nikachomeka, baba kwa mama, sauti ikapita. Nikaandika. Mahali fulani meneja alisema, kwa matamshi yetu ya nyumbani yasiyoijua "l", "Wanachama watapiga kura baada ya kura." Nikasimamisha kaseti, nikatabasamu, nikaandika, nikavuta karatasi na kumpa.

Akasoma kwa muda mrefu. Nilisikia mguu wake ukigonga sakafu.

"Hapa," akasema, "umeandika 'watapiga kura baada ya kula'. Umejuaje ipi ni ipi?"

"Bwana, nakujua. Wewe hufanyi uchaguzi wowote kabla ya chakula."

Ofisi ikacheka, naye akacheka kuliko wote. "Kiti chako kiko pale pale," akasema. "Mguu bado haujatengenezwa."

Ndicho ninachokikalia sasa ninapowaandikia haya. Jicho la kushoto bado linaona dirisha. Matone bado yanawaka, na bado nakwenda kliniki kupimwa kama ninyi.

Mara ya kwanza niliyokwenda baada ya kurudi kazini, tuliketi kwenye benchi lile lile, mama kulia. Kushoto palikuwa na mtu, nikadhani ni mgonjwa mwingine, maana Tata alikuwa amebaki getini kama kawaida yake. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa nesi yule yule wa Mombasa, nilimtambua kwa sauti.

"Baba wa Kemunto!"

Benchi likalia upande wangu wa kulia, mama akisimama. Halafu likalia upande wa kushoto, na nikasikia kofia ikipigwapigwa kwenye goti.

"Nimeita baba mmoja," nesi akasema.

"Sista," Tata akajibu, "ni sisi."